Mbunifu akihama kampuni, kazi zake zabaki za nani?

Katika soko la huduma jijini Nairobi ipo bidhaa moja ambayo wengi wanaiuza na wengi wanainunua, lakini ni wachache mno wanaouliza hati yake ya umiliki. Bidhaa hiyo ni kazi ya jana. Mbunifu wa michoro anayetafuta ajira mpya au mteja mpya haji na gunia la sampuli kama muuza kahawa. Huja na jalada: nembo alizochora, vifungashio vya unga na sabuni, mabango ya barabarani, kalenda, na taarifa za mwaka za makampuni. Mnunuzi hufungua kurasa, hupendezwa, na mazungumzo ya bei huanza papo hapo. Lakini mengi ya yaliyomo katika jalada hilo yalifanywa kwa mshahara wa mtu mwingine na kwa ajili ya mteja wa mtu mwingine.

Swali la nani mwenye kazi hizo si la mawakili peke yao. Ni swali la bei na la hasara. Linamhusu mbunifu ambaye riziki yake yote imo ndani ya jalada hilo. Linamhusu pia mwenye duka wa Biashara Street anayetaka lebo mpya ya chai yake, na mwekezaji mdogo mwenye hisa chache katika kampuni ya matangazo. Jibu lake ni jepesi kuliko linavyodhaniwa: kibali cha kuonyesha kazi kiandikwe siku ya kuajiriwa, si siku ya kuondoka.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haikuacha jambo hili hewani. Kifungu cha 31 kinasema kwamba kazi ikifanywa na mwajiriwa katika utekelezaji wa ajira yake, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri. Hali kadhalika, kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza. Yote mawili yanasimama isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine.

Maana yake katika lugha ya soko ni hii. Aliyechora bango akiwa kazini hana umiliki wa bango hilo, hata kama kila mstari umetoka mkononi mwake na amelala ofisini siku tatu kulimaliza. Alikwisha kulipwa, na malipo yake ni mshahara.

Aidha, kifungu hicho kina jambo ambalo wakurugenzi wengi wa makampuni ya matangazo hulisahau. Ikiwa kampuni ya unga ndiyo iliyoagiza kifungashio kutoka kwa wakala wa matangazo, basi huenda hata wakala mwenyewe si mmiliki, bali kazi imekwenda kwa kampuni ya unga. Kwa hiyo mbunifu anayeomba ruhusa kwa mwajiri wake wa zamani anaweza kuwa anaomba kwa mtu ambaye naye hana cha kuruhusu.

Hata hivyo, sheria hiyo haikumwacha mbunifu mikono mitupu. Kifungu cha 32 kinamlindia haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi, na haki hiyo hubaki kwake hata baada ya hakimiliki kuhama. Hizi ni haki mbili tofauti, na ugomvi mwingi hutokana na kuzichanganya. Haki ya kusema "kazi hii niliifanya mimi" ni ya mbunifu. Haki ya kuinakili na kuisambaza kwa umma ni ya mwenye hakimiliki. Jalada la kazi linakaa katikati ya haki hizo mbili, kwa kuwa mtu hawezi kuonyesha alichokifanya bila kukinakili.

Mfano unaojulikana duniani kote ni wa nembo ya Nike. Carolyn Davidson aliichora mwaka 1971 akiwa mwanafunzi huko Portland, Marekani, akalipwa dola 35. Nembo ikawa ya kampuni, na kampuni ikawa tajiri. Mwaka 1983 kampuni ilimpa hisa kama shukrani. Umiliki wa nembo haukurudi kwake wakati wowote, lakini hadi leo hakuna anayetaja historia ya nembo hiyo bila kumtaja yeye. Mali ilikwenda na jina likabaki.

KIBALI CHA MDOMO NI MALI KAULI

Wafanyabiashara wa Pwani na wa Kariakoo wanaijua vizuri biashara ya mali kauli: mtu anachukua bidhaa kwa neno la mdomo, akiuza analipa, asipouza anarudisha. Mtaji wake ni uaminifu. Biashara hiyo huenda vizuri mpaka siku mwenye mali anapofariki, anapofilisika, au anapokosana na mchukuzi.

Vibali vingi vya wabunifu ni mali kauli. Mathalan, mbunifu amekaa miaka 6 katika kampuni fulani ya matangazo. Siku ya kuaga, mkurugenzi anamshika mkono na kumwambia achukue kazi zake zote akatafutie riziki. Mbunifu anazipanga kazi 20 katika jalada, nyingine anazitundika kwenye intaneti, na kwa jalada hilo anapata wateja watatu. Mwaka unaofuata kampuni ile inauzwa. Mmiliki mpya hamjui, na mkurugenzi wa zamani amekwenda zake. Barua ya wakili inafika ikimtaka aondoe kazi zote katika muda wa siku 7.

Je, mbunifu huyo ana kinga? Kifungu cha 33 cha sheria hiyohiyo kinakubali kwamba leseni isiyo ya kipekee inaweza kutolewa kwa maandishi, kwa mdomo, au ikaeleweka kutokana na mwenendo wa wahusika. Lakini kinaongeza kwamba leseni kama hiyo inaweza kufutwa wakati wowote. Ile iliyotolewa kwa mkataba ndiyo isiyoweza kufutwa ovyo, ila kwa namna mkataba wenyewe unavyoeleza au kwa mkataba mwingine.

Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili. Neno la mkurugenzi mwema lina thamani mbele ya sheria, lakini ni thamani inayoweza kuondoka asubuhi yoyote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mbunifu aliyejenga jina lake lote juu ya neno la mdomo amejenga juu ya kiwanja cha kukodi ambacho hata risiti ya kodi hana.

FUNZO LA WANASESERE

Wapo watakaosema kwamba haya ni makuu kwa mambo madogo. Kisa kimoja cha Marekani kinatosha kuwajibu. Hakikuhusu jalada la kutafutia kazi, lakini kilizaliwa na swali lilelile: kilichochorwa na mtu aliye kwenye ajira ni cha nani, na ana ruhusa ya kumwonyesha nani?

Carter Bryant alikuwa mbunifu wa kampuni ya Mattel, watengenezaji wa wanasesere wa Barbie. Mwaka 2000, akiwa bado kwenye ajira hiyo, aliipelekea kampuni ya MGA Entertainment michoro ya wanasesere wa aina mpya. Mwaka 2001 wanasesere hao, Bratz, waliingia sokoni na wakauzika sana. Mattel ilimshtaki Bryant mwaka 2004, kisha ugomvi ukahamia kati ya makampuni mawili makubwa. Mwaka 2008 baraza la wazee wa mahakama liliamua Mattel ilipwe dola milioni 100. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo, na katika kesi iliyorudiwa mwaka 2011 wazee wa mahakama wakaipa MGA ushindi juu ya umiliki wa Bratz.

Kilichogombewa mbele ya mahakama ya rufani kilikuwa maneno machache tu ya mkataba wa ajira. Mkataba ulitaja uvumbuzi wa mfanyakazi kuwa mali ya kampuni. Je, uvumbuzi ni pamoja na wazo tu? Mkataba ulitaja muda wote wa ajira. Je, muda huo ni pamoja na usiku na siku za mapumziko? Mahakama iliona kwamba maneno hayo yanaweza kueleweka kwa zaidi ya namna moja. Makampuni yenye majeshi ya mawakili yalipoteza miaka na fedha nyingi kwa sababu ya sentensi ambazo zingeweza kunyooshwa katika saa moja kabla ya kutiwa saini. Kampuni ndogo ya Nairobi na mbunifu wake hawana ubavu wa kugharimia kosa kama hilo hata kwa mwezi mmoja.

HOJA ZA WAAJIRI

Waajiri nao wana hoja, na si haki kuzipuuza. Kwanza, wanasema mbunifu akiondoka na jalada ameondoka na silaha ya kuwachukulia wateja. Pili, wanasema kazi ni ya wengi: aliyeandika maneno, aliyepiga picha, aliyesimamia bajeti na aliyemshawishi mteja, halafu mmoja tu anaibeba kana kwamba ni yake pekee. Tatu, wanasema zipo kazi ambazo hazijatoka sokoni, na mshindani akiziona hasara haina kipimo.

Hoja ya tatu ni ya haki kabisa. Kifungashio cha bidhaa ambayo haijazinduliwa, michoro ambayo mteja aliikataa, mipango ya matangazo ya mwaka ujao, bei na takwimu za mauzo ni siri za biashara. Mbunifu anayezionyesha kwa mwajiri mpya hajengi jina lake bali analibomoa. Mwajiri mpya mwenye akili hujiuliza mara moja: huyu akiondoka hapa atakwenda kuonyesha nini?

Hoja ya pili pia ina ukweli, lakini dawa yake ni kusema ukweli, si kukataza. Jalada lieleze wazi kwamba nembo ilichorwa na fulani, na maneno na picha ni za wengine, chini ya kampuni fulani. Mbunifu aliyechora nembo pekee na kujitangaza kuwa ndiye aliyeendesha matangazo yote anauza debe lililojazwa mawe chini na mahindi juu.

Hoja ya kwanza ndiyo dhaifu. Kazi iliyokwisha kuonekana kwenye rafu za maduka na kando ya Barabara ya Mombasa si siri tena. Mshindani anaweza kuinunua dukani. Mteja humfuata mbunifu kwa sababu amefanya naye kazi na anamjua, si kwa sababu ameona picha ya kazi hiyo ndani ya jalada. Kampuni inayozuia picha hiyo haimzuii mteja kuondoka. Inamzuia tu mbunifu kueleza alikotoka.

SOKO LISILO NA SAMPULI

Madhara ya kukataza kabisa yanakwenda mbali zaidi ya mbunifu mmoja. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kulitofautisha gari zima na gari bovu, hutoa bei ya wastani kwa yote. Mwenye gari zima huona bei hiyo haimfai, hujitoa sokoni, na yanayobaki ni mabovu. Alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili, Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Soko la ubunifu halina tofauti. Mwenye duka hawezi kupima ubunifu kwa mizani. Kipimo chake pekee ni kazi zilizopita. Zikifichwa, atabaki na kigezo kimoja tu, yaani bei ya chini. Mbunifu mwenye uzoefu wa miaka 10 atalipwa sawa na aliyejifunza programu ya kuchora mwezi uliopita, na atahamia kazi nyingine. Mwisho wa yote, ni waajiri haohao watakaolalamika kwamba mjini hakuna wabunifu wazuri.

Kuna upande mwingine wa jambo hili usiosemwa sana. Kampuni za matangazo nazo zina majalada yao. Zinapokwenda kuomba kazi kwa mteja mpya huonyesha mabango ya miaka 8 iliyopita, hata kama waliyoyafanya wameondoka zamani. Kisheria hakuna kosa, maana kazi ni za kampuni au zimeonyeshwa kwa ridhaa ya mteja. Lakini mteja anayeona kazi hizo hudhani kwamba mikono ileile ndiyo itakayomhudumia. Ikiwa ni udanganyifu kwa mbunifu kubeba sifa ya kundi zima, basi si uungwana kwa kampuni kubeba sifa ya mikono iliyokwisha kuondoka.

MNUNUZI AULIZE NINI

Mfanyabiashara anayetaka mbunifu au wakala anashauriwa kusoma jalada kama anavyosoma mizania ya mtu anayeomba mkopo. Maswali manne yanatosha. Kazi hii uliifanya ukiwa wapi? Sehemu yako ilikuwa ipi hasa? Ilitoka sokoni au iliishia mezani? Una ruhusa ya kuionyesha? Kwa kampuni, swali la tano: waliofanya kazi hii bado wapo kwenu?

Anayejibu bila kubabaika ni mtu wa kufanya naye biashara. Anayefungua kompyuta na kuonyesha michoro ya bidhaa isiyozinduliwa ya mshindani wako anakufurahisha leo, lakini kesho yako itakuwa juu ya meza ya mwingine.

Aidha, mfanyabiashara akumbuke kwamba yeye mwenyewe huenda ndiye mwenye kibali. Lebo ya chai aliyoiagiza na kuilipia, kwa mujibu wa kifungu cha 31, huhesabiwa kuwa yake mkataba usiposema vingine. Kumruhusu mbunifu aionyeshe hakumpunguzii kitu, na kunaweza kumpatia nafuu ya bei: mbunifu anayejua kwamba kazi itaingia katika jalada lake huifanya kwa bidii zaidi. Kibali kina thamani, kwa hiyo kiingizwe katika mazungumzo ya bei tangu mwanzo.

Anayefanya biashara nje ya Kenya asichukulie kwamba maneno ya sheria ni yaleyale. Tanzania ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1999 na Uganda ya mwaka 2006.

MWEKEZAJI MDOGO

Kwa mwenye hisa, jambo hili linaweza kuonekana la mbali. Si la mbali. Scangroup ilipouza hisa kwa umma mwaka 2006 na kuingia katika Soko la Hisa la Nairobi, wananchi wa kawaida walipata nafasi ya kununua sehemu ya kampuni ya matangazo. Kampuni ya aina hiyo si kama kiwanda cha saruji. Thamani yake imo katika wateja, majina, na vichwa vya watu ambao jioni huzima taa na kwenda nyumbani.

Mwekezaji katika biashara ya ubunifu, iwe ni kampuni iliyo sokoni au ni duka la ndugu yake la uchapaji River Road, aulize mambo mawili. Je, mikataba ya ajira inasema wazi kazi ni za nani? Na je, inasema wazi mfanyakazi akiondoka ataonyesha nini? Kampuni isiyo na jibu la kwanza inaweza kukuta mali yake si yake. Kampuni isiyo na jibu la pili itawapata wabunifu bora kwa shida, kwa sababu hakuna fundi anayejijua thamani atakayekubali kufanya kazi miaka 5 na kutoka mikono mitupu.

KIANDIKWE NINI

Mkataba mrefu hauhitajiki. Mistari minne ndani ya barua ya ajira inatosha. Kwanza, mfanyakazi anaruhusiwa kuonyesha kazi alizoshiriki baada ya kutoka sokoni, na ruhusa hiyo inaendelea hata akiondoka au kampuni ikiuzwa. Pili, ataeleza sehemu yake na kutaja kampuni na mteja. Tatu, kazi ambazo hazijatoka, zilizokataliwa, na takwimu za mteja haziguswi bila barua maalumu. Nne, itajwe mahali pa kuonyesha, kwa maana kumfungulia mtu mmoja jalada kwenye usaili ni jambo moja, na kulitundika kwenye intaneti ambako kila mshindani hupita ni jambo jingine.

Kwa upande wa wakala wa matangazo, mstari wa tano uingie katika mkataba wake na mteja: kwamba wakala na wabunifu wake wanaweza kuonyesha kazi iliyokwisha kutoka. Bila mstari huo, kibali anachompa mfanyakazi kinaweza kuwa hundi isiyo na fedha benki.

Kwa mbunifu aliyekwisha kuondoka bila karatasi, njia haijafungwa. Aandike barua fupi kwa mwajiri wa zamani, na kwa mteja inapobidi, akiorodhesha kazi moja moja na kuomba jibu la maandishi. Ombi la kazi 6 zilizotajwa kwa majina hujibiwa kwa urahisi kuliko ombi la kazi zote. Asipojibiwa, ataje kwa maneno alikofanya kazi na alichokifanya, maana haki ya kusema hivyo ni yake, na picha aziache.

Umefika wakati sasa biashara ya ubunifu ifanye kile ambacho muuza nafaka hukifanya kila siku: kuandika kilichotoka, kilichobaki, na ni cha nani. Barua ya ajira inayotiwa saini wiki hii ndiyo itakayoamua kama mtu huyo, atakapoondoka, atatoka na jalada au na kesi.